Mitutu mipya, mwili wa zamani: je, naweza kuifyatua?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimeonyeshwa raifo ya Kiingereza ya mitutu miwili na nina hamu ya kuinunua. Ni ya miaka ya 1880, ina nyundo mbili za nje na inafunguliwa kwa wenzo ulio chini, mbele ya vifyatulio. Ilizaliwa ikiwa kaliba .450 (upana wa tundu kwa inchi) ya baruti nyeusi, ganda la inchi 3¼. Mitutu ya asili ililiwa na kutu, mmiliki mmoja akaiwekea mipya ya .470 Nitro Express. Juu ya mitutu hiyo mipya limechongwa jina la mtengenezaji maarufu wa London. Muuzaji anasema sasa ni imara kama iliyotoka kiwandani jana, na kwamba kwa umri wake haihitaji hata kibali. Anataka bei ya bunduki ya kale iliyo kamili. Je, naweza kuifyatua? Na bei hiyo ni ya haki?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Tuanze na lililo zito: usiifyatue bado. Sisemi ni mbovu, maana sijaishika mkononi. Nasema muuzaji amekupa nusu ya habari. Mitutu ni mipya, sawa. Lakini kinachoizuia mitutu hiyo isikurudie usoni, yaani mwili wa chuma ulio nyuma yake, kina zaidi ya miaka 130, na kilitengenezwa kwa kazi nyingine kabisa.

Tazama kazi yenyewe ilivyokuwa. Risasi ya .450 ya baruti nyeusi ilibeba kama greni 120 za baruti (greni 15 ni kama gramu moja) na kichwa cha greni 270 hadi 365. Baruti nyeusi husukuma kwa wingi wa moshi na haifikishi shinikizo kubwa sana. Mwaka 1889 wanakemia Abel na Dewar wakapata hataza ya kordaiti, baruti isiyo na moshi, na mwaka 1898 nyumba ya watengeneza bunduki ya Rigby ikatoa .450 Nitro Express ("Nitro" ni baruti isiyo na moshi): greni 70 tu za kordaiti, kichwa cha greni 480, mwendo wa futi 2,150 kwa sekunde. Ganda lenyewe lilibaki la inchi 3¼, lile lile. Kwa hiyo kuna raifo za zamani ambazo chemba yake, pale risasi inapokaa, inaipokea risasi mpya bila kukataa, na macho hayaoni tofauti yoyote mpaka itakapofyatuliwa. Watengenezaji waliliona hilo, ndiyo maana zikatokea risasi za kordaiti kidogo zilizopimwa makusudi kwa ajili ya raifo za baruti nyeusi.

Hiyo .470 yako ilikuja baadaye kidogo, katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, Waingereza walipopiga marufuku kaliba ya .450 India na Sudani kwa kuhofia risasi hizo zisiangukie mikononi mwa waasi wenye bunduki za jeshi za Martini-Henry. Watengenezaji hawakulia, walikimbilia kaliba za jirani, na .470 ikawa ndiyo iliyodumu kuliko wenzake. Inarusha kichwa cha greni 500 kwa mwendo ule ule wa futi 2,150. Linganisha na greni 365, kichwa kizito kuliko vyote ambavyo raifo yako ilikuwa ikirusha siku zake.

Sasa njoo kwenye mwili. Ukiivunja raifo ya namna hii, yaani ukiikunja mitutu ishuke ifunguke, utaona chuma chenye umbo la herufi L iliyolala. Kuna sakafu, ambayo mitutu hukaa juu yake, na kuna ukuta wa nyuma, wenye matundu mawili ya pini. Baruti ikiwaka, mitutu inavutwa kwenda mbele na tako la ganda linapiga ukuta kwenda nyuma. L inataka kufunguka. Mahali inapoumia ni kwenye kona, pale sakafu inapokutana na ukuta, na kadiri kona hiyo ilivyokatwa kwa ncha kali ndivyo inavyopasuka mapema.

Mafundi wa wakati ule walitumia chuma laini kwa mwili, kwa sababu kilikubali tupa na kalamu ya nakshi. Kisha kilifungiwa kwenye boksi pamoja na mkaa wa mifupa na ngozi, kikachomwa, kikatumbukizwa majini. Kilitoka na zile rangi za mawingu, buluu na kahawia, na ngozi ngumu juu ya nyama laini. Ngozi hiyo ni nyembamba sana. Inazuia kuchakaa vizuri mno, lakini haiuongezei mwili nguvu ya kustahimili kuvutwa. Na hapa ninakuomba uangalie jambo moja: kama rangi hizo kwenye raifo yako zinang'aa kama mpya, mtu ameuchoma mwili huo upya. Aliyejua kazi yake huenda hakuharibu kitu. Asiyejua ameupinda, au ameufanya mgumu mahali pasipotakiwa, na hapo nafuu ingekuwa uendelee na kijivu chake cha uzee.

Raifo yako ina la kujitetea, nami sitaki kulificha. Wenzo wa chini ni ubunifu wa Henry Jones, hataza ya 1859: kipande chenye ncha mbili kinachozunguka na kuivuta mitutu chini kama skrubu. Ni mzito na hauna haraka, lakini ni miongoni mwa makufuli imara kuliko yote yaliyopata kuwekwa kwenye bunduki ya kuvunjika, na raifo kubwa za kaliba 8 na 4 (hapa namba ikipungua tundu linakuwa kubwa) zilitumia huo huo. Muulize pia muuzaji mitambo ya nyundo imekaa wapi. Ikiwa springi kuu iko nyuma ya nyundo, kuelekea kwenye kitako, sakafu haikuchimbwa sana na imebaki na nyama. Ikiwa springi iko mbele, sakafu imetobolewa ili kuipa nafasi, na mimi kwa .470 ningesita.

Niliwahi kuletewa raifo ya aina hiyo, springi mbele, imewekewa mitutu mipya ya kaliba kubwa, mwenyewe akilalamika kwamba wenzo "umeanza kuwa mlaini". Hakuna kilichoonekana kwa jicho. Nikaipaka kona mafuta ya taa, nikaacha ikae nusu saa, nikaifuta mpaka ikakauka, kisha nikapuliza unga wa chaki. Baada ya dakika chache ukajitokeza mstari mmoja mwembamba, wenye unyevu, mweusi juu ya weupe wa chaki, umekatiza kona yote ya upande wa kulia. Mafuta yalikuwa yamejificha ndani ya ufa na sasa yanarudi juu. Mwenyewe alikuwa amepiga risasi zisizofika 40. Jaribio hilo nawe unaweza kuliomba, halimgharimu mtu kitu, na muuzaji akilikataa utakuwa umepata jibu.

Ukali wa risasi usiupime kwa jina lake au ukubwa wa tundu. Mzigo wa ukuta ni shinikizo ukizidisha na eneo la tako la ganda. Chukua risasi mbili ambazo watu huzipenda wanapoziwekea bunduki hizi mitutu mipya. Ya .375 H&H Magnum, ya mwaka 1912, tako lake lina milimita 13 na kikomo chake cha shinikizo kwa viwango vya C.I.P., tume ya kimataifa ya upimaji wa silaha, ni baa 4,300. Ukipiga hesabu bila kuondoa msuguano unapata karibu tani 6 zinazogonga ukuta. Ya 9.3x74R ya Kijerumani ina tako la milimita 11.9 na kikomo cha baa 3,400, hesabu inakuja chini ya tani 4. Vichwa vyake ni greni 300 na greni 286, yaani mnyama hatatambua tofauti kubwa. Ukuta utaitambua. Msuguano wa ganda kwenye chemba hupunguza mzigo huo, lakini chemba yenye mafuta huurudisha wote, basi kausha chemba kila mara, hata kwa bunduki mpya.

Kwa kipimo hicho, .470 siyo chaguo baya kuliko yote. Tako lake ni pana, ila iliundwa makusudi kwa raifo za kuvunjika: ganda kubwa, shinikizo la wastani, ukingo mnene ambao kitoa-maganda hukamata bila mzaha hata joto likiwa kali. Risasi inayonitia hofu ni .458 Winchester Magnum ya 1956. Watengeneza risasi Kynoch walipoacha kutengeneza risasi kubwa za Nitro katika miaka ya 1960, wenye raifo walibaki na silaha zisizo na chakula, na wengine wakaweka mitutu ya .458 kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani. Ina kikomo cha baa 4,300, na haina ukingo, kwa hiyo kitoa-maganda chake huhitaji vijino vidogo vya springi ambavyo takataka kidogo tu huvikwamisha. Kwenye mwili wa 1880, wa baruti nyeusi, mimi siifyatui hata kwa kamba.

Kwa hiyo swali lako halihusu .470 peke yake. Linahusu nani aliamua kwamba mwili huu unaweza kuibeba, na alithibitisha vipi. Jibu limechongwa kwenye chuma chenyewe, kama lipo.

Uingereza bunduki hupimwa kwa lazima. London ina nyumba ya upimaji ya chama cha watengeneza bunduki, chenye hati tangu 1637. Birmingham ina yake, iliyoanzishwa kwa sheria ya bunge mwaka 1813. Bunduki ikiwekewa mitutu mipya hurudi huko ikafyatuliwa risasi ya mtihani, ambayo kwa raifo hufika asilimia 25 juu ya kikomo cha kawaida. Ikitoka salama, inapigwa mihuri. Kuuza bunduki isiyopimwa ni kosa chini ya sheria ya 1868. Kwa hiyo mitutu ikifunguliwa, toa kipande cha mbao cha mbele, igeuze chini juu, usome sehemu bapa zilizo chini ya chemba, kisha usome sakafu ya mwili.

Raifo iliyopimwa zamani kwa Nitro huandikwa waziwazi, kwa mfano "Cordite 75-500 Max", maana yake greni 75 za kordaiti na kichwa cha greni 500, na isizidi hapo. Birmingham walianza kutumia herufi BNP (Birmingham Nitro Proof) chini ya taji kwa kanuni za 1954, hivyo ukiikuta unajua mtihani ulifanyika baada ya hapo. Birmingham pia wana alama ndogo ya siri ya mwaka, wameitumia tangu 1921, na mtaalamu wa mihuri atakusomea tarehe ya kazi hiyo bila kumuuliza muuzaji. Linalonitia wasiwasi ni hili: sakafu ina mihuri ya baruti nyeusi tu, halafu mitutu mipya haina muhuri wowote, au ina mhuri wa nchi ambayo haikuupima mwili pamoja na mitutu. Hapo hakuna aliyewahi kupima bunduki hiyo ikiwa kamili. Wewe ndiye utakayekuwa mpimaji, na shavu lako likiwa juu ya kitako.

Tafuta pia namna mitutu ilivyounganishwa. Kuna mitutu iliyoundwa yote upya, na kuna njia ya nafuu: fundi hukata mitutu ya zamani mbele kidogo ya chemba, akabaki na kipande cha nyuma chenye ndoano zinazoshika mwili, akakitoboa na kuchomeka mirija mipya ndani. Ni njia halali na ikifanywa vizuri ni imara, ila kwa Uingereza huandikwa "SLEEVED". Utaona kistari chembamba kinachozunguka kila mtutu, inchi chache mbele ya ukuta. Kikifichwa kwa nakshi, jiulize kwa nini.

Kisha kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui mpaka wamelipa: kulinganisha mitutu. Mitutu miwili iliyofungwa sambamba haipigi sambamba. Mtutu wa kulia ukifyatuka, bunduki nzima inarudi nyuma na kuzungukia kulia na juu kabla kichwa hakijatoka mdomoni. Wa kushoto hufanya kinyume. Kwa hiyo fundi huifunga mitutu ikiwa imeinamiana kidogo kuelekea mbele, na kati ya midomo miwili huweka kabari ndogo. Anapiga wa kulia, anapiga wa kushoto, anatazama karatasi, anayeyusha lehemu, anaisogeza kabari kwa kiasi ambacho jicho halioni, analehemu tena, anapiga tena. Nimekaa siku nne kwa raifo moja na nikamaliza nikiwa na begi la maganda na bega la buluu. Kazi hiyo ndiyo inayokula pesa kuliko kuchimba chemba.

Na hufanywa kwa risasi moja tu: uzito ule, mwendo ule. Badili risasi na bunduki inakukana. Ikiwa ya polepole kuliko iliyolinganishiwa, kichwa kinakawia ndani, bunduki inazidi kuzunguka, mtutu wa kulia unapiga kulia zaidi na wa kushoto kushoto zaidi. Ikiwa ya kasi zaidi, vichwa vinavuka, wa kulia unapiga kushoto. Kwa hiyo mwombe muuzaji karatasi ya shabaha ya raifo hiyo na jina la risasi iliyotumika. Asipokuwa nayo, wewe utaipata baada ya upimaji: umbali wa yadi 50, mtutu wa kulia kisha wa kushoto haraka, acha zipoe kabisa, rudia mara nne. Usiilaze juu ya mfuko mgumu. Shika mbao ya mbele kwa mkono wako, mkono ndio ulale juu ya mfuko, la sivyo bunduki itaruka tofauti na inavyoruka begani na utalaumu mitutu bure. Unachotaka kuona ni makundi mawili yaliyokaribiana, la kulia likiwa kulia. Wapo wanaoweka mitutu mipya na kuifunga kwa kukadiria. Nimeona moja iliyopiga futi moja na nusu kati ya mtutu na mtutu kwa yadi 50, na ilikuwa imenakshiwa vizuri ajabu.

Kuhusu uzito, ipime. Raifo ya .470 hupendeza ikiwa kati ya kilo 4.5 na 5.2. Mwili wa .450 ya baruti nyeusi mara nyingi ulijengwa mwembamba zaidi, na raifo nzima ikiwa chini ya kilo 4 teke lake litapasua kitako nyuma ya mwili kabla halijakuumiza wewe sana. Angalia ufa mwembamba wa mbao pale. Teke hilo pia linaweza kuangusha nyundo ya pili peke yake, mitutu yote ikalipuka kwa pamoja. Weka risasi bandia, vuta nyundo zote mbili, fyatua ya kulia, piga kitako kwa kiganja kwa nguvu. Ya kushoto ikianguka, safari imeishia hapo. Kisha toa mbao ya mbele, funga, tikisa mitutu ukiwa umeshika kitako. Bila springi ya mbao ile kuibana, ulegevu wowote kati ya mitutu na ukuta utausikia kwa vidole kama jino linalotikisika.

Habari ya kibali, muuzaji amekuambia kinachomfaa yeye. Sheria hutofautiana, na nchi mbili zinatosha kukuonyesha. Marekani, kwa sheria ya bunduki ya 1968, huangalia mwaka: mwili uliotengenezwa 1898 au kabla yake huhesabiwa wa kale. Uingereza umri hautoshi. Bunduki ya aina hii huangaliwa kwa risasi yake, nayo iwe na chemba ya asili ya risasi iliyo kwenye orodha ya zilizokwisha matumizi, na ihifadhiwe kama pambo au kumbukumbu. Kanuni za 2021 ziliipunguza orodha hiyo. Mitutu mipya imeondoa chemba ya asili, na nia yako ya kuifyatua imeondoa lile pambo. Uliza mamlaka ya unakoishi, kwa maandishi, kabla pesa haijatoka.

Bei sasa. Hapana, siyo ya haki. Wakusanyaji hulipia bunduki ambayo kila kipande chake kilitoka kwenye benchi moja, na mitutu ndiyo sehemu kubwa ya bunduki. Mitutu ikiwa iliwekwa na mtengenezaji yule yule, na kazi imo kwenye vitabu vyake, hasara ni ndogo. Ikiwekwa na fundi mwingine, thamani huporomoka, hata kazi iwe safi. Na lile jina la London juu ya mitutu mipya linaniwasha. Nani alilichonga? Fundi muungwana huandika jina lake mwenyewe mahali fulani chini ya mitutu. Nyumba kadhaa za zamani za Uingereza bado zina madaftari yao, na ukiwapelekea namba iliyo kwenye mwili watakuambia bunduki ilitoka lini, kwa kaliba gani, na kama ilirudi kwao kwa mitutu mipya.

Ikiwa mihuri ipo, kona ni nzima na imelinganishwa, inunue kama bunduki nzuri ya kazi na uilipie kama bunduki ya kazi. Ikiwa mihuri haipo, muuzaji aipeleke ikapimwe kwa gharama yake, na mkataba useme kwamba ikishindwa huichukui.

Jambo la mwisho, muulize mitutu ya zamani iko wapi. Hata ikiwa imeliwa na kutu kiasi cha kutofyatulika, ina namba ile ile ya mwili na mihuri ya siku ya kwanza. Wapo mafundi huikata kuwa mirija ya majaribio. Ikiwa bado ipo kwenye kona ya karakana fulani, idai iingie kwenye bei, na uifungashe pamoja na bunduki.